Kuwarudisha Kazini Polisi Wastaafu Ili Kupunguza Uhaba wa Askari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kituo cha polisi kikipungukiwa na askari, wa kwanza kuumia ni mwananchi anayepiga simu usiku akaambiwa asubiri, na wa pili ni askari aliyebaki, anayelazimika kushika zamu mbili mfululizo. Hali ikifikia hapo, viongozi wengi wa polisi na wa serikali za mitaa huwageukia askari waliostaafu kwa heshima, wenye ujuzi na ambao bado wana nguvu. Majibu yafuatayo yanaeleza jinsi mipango ya aina hiyo inavyoendeshwa, inapofaa na inapoleta hasara. Msimamo wangu ni kwamba mstaafu ni msaada mkubwa akipewa kazi inayohitaji uzoefu kwa muda unaojulikana, lakini akigeuzwa kiraka cha kudumu cha kufunika kushindwa kwa idara kuajiri na kutunza vijana, wote watapata hasara, yeye mwenyewe akiwemo.

Kumrudisha polisi mstaafu kazini kuna maana gani hasa?

Kuna njia tatu zinazotumika zaidi. Katika njia ya kwanza, mstaafu anaapishwa upya, anavaa sare na kurejeshewa mamlaka yote ya askari, ingawa mara nyingi kwa mkataba wa mwaka mmoja au miwili. Katika njia ya pili anaajiriwa kama raia ndani ya jeshi la polisi, kwa mfano kuwa mpelelezi msaidizi, mkufunzi au mtunza vielelezo. Njia ya tatu ni ya kazi ya saa chache, ambapo anapewa jukumu moja lenye mipaka. Jimbo la New Jersey nchini Marekani lilipitisha sheria mwaka 2016 iliyoanzisha daraja maalumu la askari wastaafu walio chini ya umri wa miaka 65, ambao kazi yao ni ulinzi wa shule.

Ni muhimu kujua idara inazungumzia njia ipi, kwa sababu majibu kuhusu mamlaka, pensheni, silaha na nidhamu hubadilika kulingana na njia iliyochaguliwa. Mabishano mengi katika mabaraza ya miji huzuka kwa sababu mmoja anazungumzia askari mwenye bunduki barabarani, na mwenzake anamzungumzia mzee anayepanga majalada ofisini.

Uhaba wenyewe umetoka wapi?

Chanzo kimoja ni mpangilio wa ajira za zamani. Idara ikiajiri askari wengi kwa mkupuo mmoja, basi miaka 25 au 30 baadaye wengi wao wataondoka pia kwa mkupuo mmoja. Chanzo cha pili ni kubana matumizi. Uingereza inatoa mfano ulio wazi: baada ya mwaka 2010, baadhi ya majeshi ya polisi yalitumia kanuni ya pensheni ijulikanayo kama A19 kuwalazimisha kustaafu askari waliotimiza miaka 30 ya utumishi. Kesi ya askari hao ilifika Mahakama ya Rufani, ambayo mwaka 2017 iliamua kwamba majeshi hayo hayakuwabagua kwa umri. Miaka miwili tu baada ya hukumu hiyo, mwaka 2019, serikali ilitangaza mpango wa kuajiri askari wapya 20,000 katika England na Wales. Lengo la idadi lilifikiwa mwaka 2023, lakini zaidi ya theluthi moja ya askari walikuwa na utumishi usiofika miaka mitano. Vituo vilijaa watu, huku wa kuwafundisha kazi wakiwa wachache.

Chanzo cha tatu ni watu kuacha kazi kabla ya wakati. Nchini Marekani, uchunguzi wa Police Executive Research Forum, shirika la utafiti wa masuala ya polisi, uliofanywa miongoni mwa idara mbalimbali ulionyesha kwamba idadi ya askari mwanzoni mwa 2023 ilikuwa pungufu kwa takriban asilimia 5 ikilinganishwa na mwanzoni mwa 2020. Katika idara ya askari 12, upungufu wa askari wawili au watatu unatosha kulifanya lindo la usiku libaki na mtu mmoja.

Kwa nini vijana wasiajiriwe moja kwa moja, badala ya kuwasumbua wazee waliokwisha kupumzika?

Vijana lazima waajiriwe, na hakuna mpango wa wastaafu unaopaswa kuwa sababu ya kuacha kufanya hivyo. Tatizo ni muda. Mtu anayejaza fomu ya kuomba kazi leo atapitia usaili, uchunguzi wa historia yake na vipimo vya afya, kisha aende chuoni. Nchini Marekani mafunzo ya msingi yalikuwa na wastani wa saa 833 kwa takwimu za mwaka 2018, na baada ya hapo kuruta hukaa miezi kadhaa chini ya askari mlezi kabla ya kuruhusiwa kufanya doria peke yake. Kwa hiyo nafasi iliyoachwa wazi mwezi huu inaweza kuchukua mwaka mmoja au zaidi kujazwa kikamilifu. Mstaafu aliyeondoka miaka miwili iliyopita anaweza kuwa tayari ndani ya wiki chache, na hiyo ndiyo faida yake kubwa kuliko zote.

Apewe kazi gani ili uzoefu wake usipotee bure?

Jibu la haraka ambalo viongozi wengi huchagua ni kumweka kwenye doria ili pengo la ratiba lizibike. Hilo ni kosa, isipokuwa katika dharura. Doria ya usiku inahitaji miguu na macho ya kijana, na thamani ya mstaafu iko katika mambo ambayo kijana hana kwa sababu tu hajaishi miaka ya kutosha kazini.

Chukua mfano wa kuandika maelezo ya mlalamikaji. Askari mgeni kazini, akiwa kaunta na foleni ndefu mbele yake, huandika: “Alikuja mtu nisiyemfahamu akanipiga kichwani, akachukua simu yangu, akakimbia.” Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini mbele ya hakimu haina uzito. Mpelelezi mstaafu akikaa pembeni yake atamwomba amwulize mlalamikaji mwanga ulitoka wapi, walikuwa umbali gani, alimwona usoni kwa muda gani, alitumia mkono gani, alikuwa amevaa nini, nani mwingine alikuwa karibu, na simu ilikuwa na alama gani itakayomwezesha kuitambua ikipatikana. Dakika 20 za maswali hayo zinaweza kuokoa kesi ambayo vinginevyo ingefutwa miezi minane baadaye kwa sababu utambuzi wa mshtakiwa haukuthibitika. Ujuzi wa namna hiyo hufundishwa vizuri zaidi hapo kaunta, kazi ikiwa inaendelea, kuliko darasani.

Kazi nyingine inayowafaa ni kupitia upya majalada ya mauaji ambayo hayajapata ufumbuzi. Mpelelezi aliye kazini hupokea kesi mpya kila wiki, na jalada la miaka 15 iliyopita haliwezi kushindana na maiti iliyopatikana asubuhi ya leo. Mstaafu asiye na zamu ya dharura anaweza kulisoma ukurasa kwa ukurasa, akagundua kwamba shahidi aliyetajwa katika maelezo ya kwanza hakuhojiwa kamwe, au kwamba nguo iliyochukuliwa kama kielelezo haikuwahi kupelekwa maabara kupimwa vinasaba. Katika jiji la Charlotte nchini Marekani, kitengo cha kesi za zamani kilichoanzishwa mwaka 2003 kilijengwa kwa kuwashirikisha wachunguzi wastaafu waliojitolea, na mfano huo umeigwa kwingine.

Zipo pia kazi ambazo hazina sifa za kusimulia lakini hula muda mwingi: kuchunguza historia za waombaji wapya wa ajira, kutunza chumba cha vielelezo, kuandaa majalada kwa ajili ya mwendesha mashtaka, kupokea taarifa za wizi mdogo kwa simu, na kulinda majengo ya mahakama. Kila saa ambayo mstaafu anaishika katika kazi hizo humrudisha askari mmoja kijana barabarani, na pengo la doria huzibika kwa njia hiyo isiyoonekana.

Je, mstaafu aliyerudi anaweza kumkamata mtu?

Akiwa ameapishwa upya, ndiyo, na anawajibika kwa sheria na kanuni zilezile kama askari mwingine yeyote. Akiajiriwa kama raia, hana mamlaka ya askari, ila yale machache ambayo sheria inamkabidhi. Nchini Uingereza, Sheria ya Mageuzi ya Polisi ya mwaka 2002 iliwapa wakuu wa polisi uwezo wa kuwateua watumishi raia kuwa maofisa wa upelelezi wenye mamlaka maalumu, na wapelelezi wengi wastaafu walirudi kwa njia hiyo. Mazoea ya miaka 30 hayafutiki kwa kusaini mkataba mpya, kwa hiyo mipaka ya mamlaka iandikwe waziwazi na mhusika aelezwe kabla ya siku ya kwanza kazini. Upekuzi uliofanywa na mtu asiye na mamlaka unaweza kuwafungulia mlango mawakili wa utetezi na kuivuruga kesi nzima.

Pensheni yake inakuwaje akirudi?

Hili ndilo swali ambalo wastaafu huuliza kwanza, na wana haki ya kulipatia jibu la maandishi kabla ya kukubali chochote. Hakuna kanuni moja inayotumika kila mahali, lakini kuna mifumo mitatu inayojirudia.

Katika mfumo wa kwanza, pensheni inaendelea kulipwa yote, lakini muda wa kufanya kazi unawekewa ukomo. Jimbo la California nchini Marekani linaruhusu mstaafu aliye chini ya CalPERS, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma wa jimbo hilo, kufanya kazi kwa mwajiri mwanachama wa mfuko huo kwa saa zisizozidi 960 katika mwaka wa fedha, kwa malipo yasiyozidi yale ya wenzake wanaofanya kazi inayolingana na hiyo, na bila marupurupu mengine. Tangu mwaka 2013 wastaafu kwa ujumla hutakiwa kusubiri siku 180 kabla ya kurudi, ingawa sheria hiyo iliwapa nafuu askari polisi na wazimamoto wanaorudi kufanya kazi zao za awali.

Katika mfumo wa pili, pensheni hupunguzwa au kusimamishwa kwa muda. Chini ya mpango wa pensheni wa polisi wa Uingereza wa mwaka 1987, askari aliyestaafu akirudi kuwa askari kamili, malipo ya pensheni yake yanaweza kuzuiwa yote au sehemu yake kwa kipindi chote anachotumikia. Akirudi kama raia, kizuizi hicho hakimgusi, na bila shaka hii ni sababu mojawapo ya wapelelezi wengi kupendelea mlango huo.

Mfumo wa tatu unamrudisha mstaafu kwenye uchangiaji kana kwamba hakuwahi kuondoka, na pensheni yake huhesabiwa upya mwishoni.

Kuna mtego mmoja wa kuangalia. Sheria za kodi za Marekani zinataka kustaafu kuwe kwa kweli. Askari akistaafu Ijumaa huku tayari ameahidiwa mkataba wa kuanza Jumatatu, mamlaka zinaweza kuhesabu kwamba hakustaafu kabisa, na malipo ya pensheni aliyokwisha kupokea yakawa na matatizo ya kisheria. Mazungumzo ya kurudi yafanyike baada ya kuondoka, si kabla yake.

Hii si kumlipa mtu mmoja mara mbili kwa fedha za umma?

Pensheni ni malipo ya kazi iliyokwisha kufanyika, na mshahara wa mkataba ni wa kazi inayofanyika sasa. Kwa kanuni hiyo, hakuna kulipwa mara mbili kwa kazi moja. Hata hivyo malalamiko ya wananchi hayatoki hewani, na Ireland ya Kaskazini inaonyesha kwa nini. Baada ya mapendekezo ya mwaka 1999 ya tume ya Patten, iliyoundwa kupendekeza mageuzi ya polisi huko, askari wengi walilipwa fedha nyingi za kuondoka ili jeshi jipya la polisi, lililoanza kazi Novemba 2001, lipate nafasi ya kuajiri kwa sura mpya. Baadaye baadhi yao walirudi kufanya kazi ndani ya jeshi hilohilo kupitia wakala wa ajira, wakiwa raia. Ripoti ya ofisi ya ukaguzi wa hesabu iliyotolewa mwaka 2012 iliukosoa utaratibu huo, na umma ulikasirika kwa haki. Watu walilipwa kuondoka kisha wakalipwa kurudi, nafasi zikatolewa bila ushindani wa wazi, na watumishi hao hawakuwa chini ya usimamizi uleule wa nidhamu unaowabana askari.

Somo la vitendo ni kwamba mtu aliyelipwa ili aondoke mapema asirudishwe kabla ya muda uliowekwa na sheria kupita, nafasi zitangazwe hadharani, na majina ya kazi pamoja na gharama yake yawekwe wazi kwa baraza linalopitisha bajeti. Siri ndogo katika jambo hili huzaa chuki kubwa.

Mtu ametumikia miaka 30 bila doa. Kuna haja gani ya kumhakiki tena?

Haja ipo, na hapa sioni nafasi ya kulegeza hata kidogo. Kwanza, kuna wanaostaafu ili kukwepa mashtaka ya kinidhamu kabla hayajasikilizwa. Faili linabaki bila hukumu, na kwa mtu asiyelisoma vizuri linaonekana safi. Pili, miaka ya nje inaweza kuwa na mambo yake: madeni, kesi, biashara ya ulinzi yenye wateja wasioeleweka, au urafiki na watu ambao polisi wanawachunguza. Tatu, viwango vimebadilika. England na Wales zilianzisha mwezi Desemba 2017 orodha ya kitaifa ya watu waliopigwa marufuku kufanya kazi ya polisi, na orodha hiyo inawahusu hata waliojiuzulu au kustaafu kabla shauri lao la nidhamu halijakwisha, likithibitika. Nchini Marekani, tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Brady dhidi ya Maryland mwaka 1963, upande wa mashtaka unalazimika kuupa utetezi ushahidi unaoweza kumsaidia mshtakiwa, na hilo linajumuisha rekodi za askari shahidi aliyewahi kusema uongo. Mpelelezi mwenye rekodi hiyo hawezi kusimama kizimbani bila kuidhuru kesi, hata awe hodari namna gani.

Uhakiki wa mstaafu uanze kwa kusoma faili lote la utumishi, pamoja na malalamiko yaliyofungwa bila uamuzi, na uendelee kwa kuwauliza waliofanya kazi chini yake, si wakubwa zake peke yao. Walio chini huijua tabia ya mtu kuliko walio juu. Idara inayosema haina muda wa kufanya hivyo kwa sababu ya uhaba wa watu haijawa tayari kumrudisha mtu yeyote.

Anahitaji mafunzo upya?

Ndiyo, kwa kiasi kinachotegemea muda aliokaa nje. California, kwa mfano, inamtaka askari aliyekaa nje ya kazi miaka mitatu au zaidi apitie kozi ya kuhuishwa sifa zake. Hata aliyeondoka juzi atakuta kamera za mwilini zenye taratibu zake, mifumo mipya ya kuandikisha taarifa kwenye kompyuta, na masharti mapya kuhusu kutumia nguvu. Akipewa silaha, apimwe shabaha kwa kiwango kilekile cha wote.

Na umri na afya?

Umri peke yake si kipimo kizuri, kwa sababu kuna wenye miaka 50 wasioweza kupanda ngazi na wenye 62 wanaokimbia kila asubuhi. Kipimo kifaacho ni kazi anayokwenda kufanya. Atakayekamata watu afaulu mtihani wa nguvu wa askari wote. Atakayesoma majalada apimwe macho na afya ya jumla. Jambo linalosahauliwa ni afya ya akili. Mtu aliyebeba picha za ajali na za watoto waliouawa kwa miaka mingi huenda alistaafu ndipo usingizi ukamrudia, na kumpangia tena majalada ya aina hiyo bila kumwuliza ni kumkosea.

Mstaafu aliyekuwa na cheo kikubwa atapokea amri kutoka kwa aliyekuwa chini yake?

Atapokea, au asirudi. Mipango iliyopangwa vizuri humrudisha mtu katika cheo cha msingi bila kujali alikuwa na nyota ngapi, na humweka nje ya mlolongo wa amri. Jambo hili linawagusa sana askari walio kazini, ambao wamesubiri miaka kupandishwa cheo na wanaogopa kwamba wazee wamerudi kukalia viti. Hofu hiyo ijibiwe kwa maandishi: nafasi za mkataba zisihesabiwe katika nafasi za vyeo, na mstaafu asigombee uongozi. Uingereza na Marekani zote zina vyama vyenye nguvu vinavyotetea askari, na kuvishirikisha mapema huondoa nusu ya ugomvi.

Kuna pia suala la utamaduni wa kazi. Mstaafu huja na mema aliyoyazoea na mabaya aliyoyazoea. Idara iliyokuwa inajirekebisha baada ya kashfa haipaswi kuwapa ulezi wa makuruta watu waliolelewa katika mazoea yaleyale inayojaribu kuyaacha.

Kwani si afadhali kuwazuia wasistaafu?

Mara nyingine ni afadhali, kwa kuwa askari asiyeondoka hahitaji kuapishwa wala kuhakikiwa upya. Ireland iliongeza umri wa lazima wa kustaafu kwa polisi wake kutoka miaka 60 hadi 62 mwaka 2024, baada ya kupandisha pia umri wa juu wa kujiunga kutoka 35 hadi 50. Jimbo la Florida nchini Marekani lina mpango ulioanza mwaka 1998 unaomruhusu mtumishi kuhesabiwa amestaafu huku akiendelea na kazi, na pensheni yake ikilimbikizwa kwenye akaunti mpaka atakapoondoka. Mwaka 2023 ukomo wa muda huo uliongezwa kutoka miaka 5 hadi 8. Ubaya wa njia hii ni kwamba inawabakiza wote, waliochoka pamoja na wenye ari, na inaahirisha tu siku ambayo wengi wataondoka kwa pamoja.

Mkataba udumu muda gani, na ukiisha inakuwaje?

Mwaka mmoja unaoweza kuongezwa mara moja unatosha kwa kazi nyingi. Kila uongezaji uambatane na taarifa ya idara kwa baraza ikieleza ni makuruta wangapi wameajiriwa, wangapi wamemaliza chuo na ni nafasi zipi bado ziko wazi, maana bila takwimu hizo hakuna anayeweza kujua kama mpango unasaidia au unaficha tatizo. Mwezi wa mwisho utumike kwa makabidhiano: kila jalada lipate mpelelezi mwingine anayelijua, mashahidi waelezwe nani atawasiliana nao, na mstaafu aache anwani ya kupatikana kwa sababu mahakama inaweza kumwita kutoa ushahidi miaka kadhaa baadaye. Kitambulisho, silaha, funguo na nywila za kompyuta zirejeshwe au zifungwe siku ileile mkataba unapomalizika, na orodha ya makabidhiano isainiwe na pande zote mbili.